Chini ya Macho ya Mi-ryeong

Daktari Pyo alimwambia atazame dari wala asibane macho. Mi-ryeong akatazama dari. Krimu ya ganzi ilikuwa imeulaza uso wake wote, kutoka kope hadi pembe za midomo, na alichokisikia ni ubaridi tu wa kalamu nyeupe ikipita chini ya jicho la kushoto, kisha la kulia. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Kila siku alichora chaki juu ya hariri za watu. Aliijua mistari ya namna ile. Ukishaichora, kinachofuata ni kukata.

Lakini hapa hakuna kukata, daktari alikwisha kumwambia. Hakuna kisu wala kulazwa. Ni sindano nyembamba yenye ncha butu, jeli kidogo inayolala juu ya mfupa, robo saa, barafu, kisha nyumbani. Siku ya kwanza alimweleza na njia nyingine: miale ya kukaza ngozi, sindano za dawa itokanayo na samaki samoni zinazoinenepesha ngozi polepole, hata damu ya mtu mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine na kurudishwa. Mi-ryeong akachagua jeli kwa sababu matokeo yake huonekana siku ileile, na yeye alikuwa amebakiwa na wiki mbili.

"Nikuulize mara ya mwisho," alisema Daktari Pyo, sindano ikiwa mkononi. "Haya mashimo ya chini ya macho si ya uchovu, na si ugonjwa. Ni mfupa wako ulivyokaa na ngozi yako ilivyo nyembamba. Umezaliwa nayo. Unafanya hivi kwa ajili yako?"

"Ndiyo, Daktari."

Daktari alimtazama kidogo. Bila shaka alikuwa amelisikia jibu lile mara nyingi. Akainama, akaanza kazi.

Kwa kweli Mi-ryeong alikuwa anafanya kwa ajili ya Tae-seop.

Walijuana miaka mitatu iliyopita, Tae-seop alipokuja dukani kwao, Soko la Seomun mjini Daegu, kushonesha bitana ya koti. Alikuwa mwalimu wa kemia, mrefu, mpole, mtoto pekee wa mama mjane. Kesho yake akarudi kudai kwamba kifungo kimelegea. Kifungo hakikulegea. Mi-ryeong akakikaza hivyohivyo, na Tae-seop akasimama pale akimtazama mpaka masikio yake mwenyewe yakawa mekundu. Kuanzia hapo hawakuachana. Na kitu alichokipenda kuliko vyote, au ndivyo Mi-ryeong alivyoamini, kilikuwa palepale chini ya macho yake, penye vile vivuli viwili ambavyo wateja walivionea huruma wakimwambia aende akalale. Tae-seop alikuwa akivibusu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kabla ya kumuaga.

Masika ya mwaka huu akampeleka kwa mama yake, Bibi Shim, ghorofa ya kumi na moja mtaa wa Suseong. Bibi Shim alimkaribisha vizuri, akammenyea pea, akaomba ampige picha ili amwonyeshe dada yake. Baada ya wiki moja akamwambia mwanawe kwamba msichana yule hamtaki. Sababu hakuisema.

Aliyeisema ni huyo dada yake, mama mdogo wa Tae-seop, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. Picha ile haikuishia kwa dada. Ilikwenda kwa mzee mmoja msoma nyuso, na mzee akasema kwamba mahali pale chini ya macho ndipo watoto wanapokaa katika uso wa mwanamke. Pa huyu ni kama kisima kilichokauka. Mwenye uso kama huu, ama hazai, ama anazaa na kuzika. "Lakini usilie, binti yangu," akasema mama mdogo. "Siku hizi ni sindano tu. Hata wanaotusomea habari kwenye televisheni wanachoma."

Mi-ryeong alimsimulia Tae-seop akitegemea kwamba atacheka, kisha wote wawili watacheka. Tae-seop hakucheka. Alisema mama ana mambo yake, akaomba apewe muda. Mi-ryeong akampa muda, mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Mwezi wa saba, joto la Daegu likiwa limeanza kuyeyusha lami, Bibi Shim akakubali kumwona mara moja tena, Jumapili moja ya mwezi wa nane. Hapo ndipo Mi-ryeong alipomtafuta Daktari Pyo. Hakumwambia mtu.

Siku nne damu ilivilia chini ya jicho la kulia, zambarau kwanza, halafu njano. Dukani alivaa miwani mikubwa na kuwaambia wateja kwamba amejigonga kwenye rafu. Kwa Tae-seop alisingizia kazi nyingi. Mama yake, Bun-im, aliyekuwa akishona naye meza moja tangu Mi-ryeong ana miaka kumi na tisa, alinyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu, akipiga pasi mkono wa hanbok, vazi la jadi la bibi harusi mmoja, akauliza bila kuinua kichwa:

"Yalikuwa yanakuudhi toka lini?"

Mi-ryeong akavua miwani. Akamweleza yote, picha, mzee, simu ya mama mdogo. Bun-im alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mashimo yaleyale, makubwa zaidi kwa sababu ya umri, na mwanga wa taa ya dukani uliyajaza giza.

"Mimi na sura hii nilikuzaa upesi mpaka mkunga hakuwahi kuvua koti," alisema. "Huyo mzee angekuja aniulize."

Mi-ryeong alicheka kidogo, machozi yakamtoka. Bun-im akairudisha pasi mahali pake.

"Hapa sokoni wote wanakuita sura ya mama yake," akasema. "Sijui sasa watakuitaje." Akachukua mkono wa pili wa nguo, akaendelea na kazi, na suala lile hawakulizungumza tena.

Jumapili ilipofika uvimbe ulikuwa umekwisha. Mi-ryeong alijitazama kwenye kioo cha lifti ya Suseong. Uso ulikuwa wake, lakini wa mtu aliyelala usingizi mzuri miaka mingi mfululizo. Hakuna ambaye angesema umefanywa. Akabonyeza kengele.

Aliyefungua mlango ni Tae-seop. Hawakuwa wameonana wiki mbili. Alimtazama usoni, macho yake yakashuka palepale, yakatua, na Mi-ryeong akaona mabega ya mpenzi wake yakilegea kama ya mtu aliyeweka chini mzigo mzito. Akashusha pumzi. Ilisikika.

"Umependeza," alisema. "Karibu, karibu ndani."

Hakuuliza kitu.

Mezani palikuwa na supu ya nyama yenye pilipili nyingi, samaki wa kuchoma, kimchi ya figili zilizochachushwa, na bakuli za wali. Bibi Shim alimpakulia mgeni kwa mkono wake, akamchagulia mnofu wa samaki usio na miiba. Mwenyewe hakula. Alimtazama Mi-ryeong bila kujificha, kama vile mtu anavyotazama kitambaa alichokwisha kukiona mahali. Tae-seop aliongea kupita kawaida yake. Alisimulia habari za wanafunzi waliounguza meza ya maabara, na akacheka mwenyewe. Katikati ya maneno hayo mama yake akamwambia ashuke dukani akalete tikiti maji, lililoko kwenye friji halitoshi. Tae-seop akaondoka akipiga mluzi.

Mlango ulipofungwa, Bibi Shim akauliza, "Daktari gani?"

Mi-ryeong akaweka kijiko chini. "Samahani, Mama?"

"Kafanya vizuri, hakuzidisha. Wangu alizidisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama nimeumwa na nyuki." Akaugusa uso wake mwenyewe kwa kidole, chini ya jicho. "Usiogope. Mimi sikusemi. Nitakusema vipi?"

Bibi Shim akajisogezea gilasi ya maji lakini hakunywa.

"Nilichoma mwezi uleule tuliomzika mama mkwe wangu," akasema. "Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, mume kafa, sina wa kumpendezea. Nilitaka tu nikinawa uso asubuhi nisimwone yule mwanamke."

"Mwanamke gani, Mama?"

"Aliyemzika Tae-hui."

Ndipo akasimulia. Tae-seop alikuwa na mdogo wake, msichana, Tae-hui. Alipofika miaka minne alipata homa ya uti wa mgongo, jioni akilalamika kichwa, siku ya pili hajui mtu, ya tatu hayupo. Mtoto mdogo hafanyiwi msiba mkubwa. Walimzika haraka, wachache. Waliporudi nyumbani, mama mkwe alimshika Shim kidevu mbele ya mashemeji, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akasema: haya mashimo niliyaona siku ya kwanza ulipoingia. Miaka ishirini waliyoishi pamoja baada ya hapo, hakulirudia neno lile hata mara moja. Hakuwa na haja.

"Siku uliyokuja na mwanangu," Bibi Shim aliendelea, "nilikumenyea pea nikijikata kidole. Hukuona. Kwa yule mzee sikwenda ili akukatae. Nilikwenda nikiomba aniambie mama mkwe wangu alikosea." Akaisogeza gilasi kando. "Akaniambia hakukosea."

Mi-ryeong alinyoosha mkono juu ya meza, kati ya bakuli, akaushika ule wa Bibi Shim. Mwezi wa nne alimchukia mwanamke huyu. Sasa aliitafuta ile chuki asiione.

"Najua ni jeli," alisema Bibi Shim. "Si mjinga. Lakini leo nimeweza kukaa na wewe mezani bila kujiona mimi. Kama bado unamtaka mwanangu, sikukuu ya Chuseok njoo tukande pamoja unga wa mikate ya mchele."

Tae-seop aliingia na tikiti kwapani, akawakuta wameshikana mikono, wote wawili macho yamelowa. Uso wake uling'aa. Alikata tikiti vipande vikubwa visivyolingana, akawapa wao kwanza, na Mi-ryeong akala huku akimtazama na kuisikia tena ile pumzi ya mlangoni.

Tae-seop alimsindikiza kituoni. Treni ya juu ilikuwa inapita kila dakika chache, na chini ya nguzo zake palikuwa na kivuli na benchi. Mi-ryeong akakaa. Tae-seop akakaa karibu, akamshika mkono, akaanza kuhesabu miezi: vuli ni mapema mno, basi masika, tena wapate ukumbi kabla haujachukuliwa.

"Hujaniuliza," Mi-ryeong akasema.

"Nikuulize nini?"

"Uso wangu."

Tae-seop alitabasamu kwa haya. "Nimeuona. Nilifikiri hutaki usemwe."

"Ulipofungua mlango ulishusha pumzi."

Tabasamu likabaki pale bila kazi, kisha likaondoka. Treni ikapita juu yao, wakasubiri iishe.

"Nilikuwa nalala naye chumba kimoja," Tae-seop alisema. "Tae-hui. Nilikuwa na miaka saba. Usiku ule alinivuta shuka, nikamwambia aniache nilale." Alikuwa akitazama viatu vyake. "Bibi yetu, mama yake baba, alipomwambia mama lile neno, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Si kwamba nayaamini mambo yale, Mi-ryeong. Nafundisha kemia. Lakini niliogopa."

"Toka mzee aseme?"

Angeweza kumdanganya, na Mi-ryeong angemwamini, maana alitamani kumwamini.

"Toka siku ya kwanza," akasema.

Mi-ryeong aliyakumbuka mabusu yote yale chini ya macho, miaka mitatu ya mabusu, moja kushoto, moja kulia. Hakujua tena yalikuwa ya kumpenda au ya kuomba msamaha, au mtu alikuwa akipatuliza mahali pale pasimdhuru. Labda Tae-seop naye hakujua.

"Daktari amesema inakaa mwaka," Mi-ryeong alimwambia. "Mwaka na kitu. Halafu inayeyuka, nitakuwa kama nilivyokuwa."

"Si utachoma tena," Tae-seop alisema haraka, kwa upole, akiukaza mkono wake. "Nitakupeleka mimi. Kila mwaka. Maadamu niko hai, kila mwaka nitakupeleka mwenyewe na nitakungoja mlangoni."

Aliyasema yale kama kiapo, na macho yake yalikuwa yamejaa mapenzi. Hilo ndilo lililomuumiza Mi-ryeong. Hakikuwa kiapo cha uongo. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Na tukipata mtoto," alimuuliza, "msichana, akatokea na sura yangu?"

Tae-seop alifungua mdomo.

"Akizaliwa na haya mashimo. Utamtazamaje akiwa amelala?"

Watu walishuka ngazi za kituo, wakapita mbele yao na miavuli ya jua. Tae-seop alitafuta jibu. Mi-ryeong alimwona akilitafuta, kwa uaminifu wote, jinsi mwalimu anavyotafuta kosa kwenye hesabu ya mtoto anayempenda.

"Nipe muda," Tae-seop akasema mwishowe.

"Nilikupa."

"Mi-ryeong."

"Ungeniambia mapema ningekaa na wewe na woga wako. Nisingekimbia. Mama yako kanieleza leo kwa robo saa, nami nikampenda. Wewe umekaa na woga huo miaka mitatu, ukaniacha niende peke yangu nikalale kwenye kitanda cha daktari."

"Sikukutuma."

"Hapana, hukunituma." Sauti yake haikupanda. "Lakini ulipoona, ulifurahi."

Tae-seop alilia pale kwenye benchi bila kujificha, mtu mzima mwenye shati la Jumapili, na Mi-ryeong akamshika kichwa, akakilaza begani kwake. Walikaa hivyo treni tatu zikapita. Ya nne ilipokaribia Mi-ryeong alisimama, akairudisha mikono ya Tae-seop kwenye mapaja ya mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akapanda ngazi. Hakugeuka, maana alijua akigeuka atashuka.

Siku kumi na moja mfululizo Tae-seop alipiga simu. Ya kumi na mbili alikuja sokoni. Bun-im akampa kiti na maji baridi, akamwambia kwa heshima kwamba binti yake amekwisha kuamua na yeye kama mama hawezi kumwamulia vingine. Mi-ryeong alikuwa nyuma, kwenye chumba cha vitambaa, amesimama kati ya mabunda ya hariri, kiganja kinywani, akiisikiliza sauti ile ikishukuru kwa maji. Alipohakikisha ameondoka alikaa chini sakafuni. Mama yake aliingia, akaketi kando yake, wateja wakaita mbele mpaka wakachoka.

Mwezi wa tisa kazi ikawa nyingi kweli. Wiki moja kabla ya Chuseok, sikukuu ambayo kila nyumba huwaandalia waliotangulia chakula na walio hai huvaa nguo mpya, duka lilijaa watu mpaka barazani. Mi-ryeong alikuwa anakata kola alipoona mtu amesimama pembeni akingoja wengine waishe. Alikuwa Bibi Shim. Alikuwa amekonda.

Bun-im alimwona naye. Wanawake wale wawili, ambao wangekuwa wakwe, waliinamiana vichwa. Bun-im akachukua birika akasema anakwenda kutafuta maji ya moto.

"Tae-seop ameomba uhamisho," Bibi Shim alisema alipokaa. "Mji wa Pohang. Ataanza muhula ujao." Akasubiri, Mi-ryeong akaendelea kukata kola, naye akatikisa kichwa polepole kama aliyelitegemea hilo. "Sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kushonesha."

"Nguo yako, Mama?"

"Ya mtoto."

Mi-ryeong akaweka mkasi mezani.

"Mtoto mdogo hawekewi meza ya sikukuu," Bibi Shim alisema. "Ndivyo tulivyoambiwa, nami nikatii. Miaka ishirini na tisa nimewapikia wazee wa ukoo, hata yule mama mkwe, na Tae-hui sijampa hata punje ya wali. Mwaka huu nitampa. Na nguo nitamchomea motoni, imfikie. Nyekundu, mikono yenye rangi za mistari, kama wanayovaa watoto." Alipangusa pua kwa leso. "Ningeweza kwenda duka lolote humu sokoni. Sikuweza kumweleza mtu mwingine."

"Nitaishona mwenyewe," Mi-ryeong alisema. "Usiku huuhuu nitaanza." Akavuta daftari, akatafuta kalamu. Alikuwa ameandika vipimo vya watu maelfu. "Mama, alikuwa na urefu gani?"

Bibi Shim akafikiri. Hakutaja namba. Alisimama, akasogea mbali na kiti, akanyoosha mkono ubavuni pake, kiganja kikitazama chini, akaushusha kidogo, akaupandisha kidogo, mpaka akapata pale kichwa cha mtoto kilipokuwa kikimfika. Vidole vyake vikajikunja taratibu, kama vinavyoshika nywele.

"Hapa," alisema.

Mi-ryeong akachukua futi, akapiga magoti mbele yake, akaiweka ncha sakafuni, akapima kwenda juu mpaka kwenye kile kiganja.